Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, barabara inapanda. Ziwa Tanganyika unaliacha nyuma likiwa mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na baada ya mwendo wa kilomita karibu 100 umeshapita mita 1,200, mahali ambapo alfajiri ya mwezi wa sita mtu hatoki nje bila sweta. Michikichi inapungua, migomba inaongezeka, na mabondeni utawaona akina mama wameinama katika maharage. Ukishika njia ya Kibondo unapita Makere, unavuka mto Malagarasi, na msitu wa miombo unakusindikiza pande zote mbili. Mkono wa kushoto, nyuma ya vilima, ni Burundi.

Hii ni nchi ya Waha. Kiha na Kirundi ni lugha za tumbo moja. Muha akisema "mwakeye", Mrundi anasikia "bwakeye" ya kwao na kuitikia bila mkalimani. Watu wa pande hizi wamekuwa wakioana na kuuziana mbegu tangu kabla ya mpaka kuwekwa. Basi vita vilipozuka ng'ambo, waliokimbia hawakukimbilia mahali wasipopajua. Alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, mamia ya maelfu waliingia Tanzania kupitia Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka 1996 vita vya Kongo viliwaleta watu wa Fizi, Uvira na Baraka kwa mitumbwi na meli, nao wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu, karibu na Makere. Mwaka 2015 Burundi ilichafuka tena. Nyarugusu, iliyokuwa na Wakongo zaidi ya 60,000, ilipokea Warundi wengi mno hata idadi ikavuka 150,000. Kambi ya Nduta huko Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo, na Mtendeli huko Kakonko ikafuata Januari 2016.

Mimi ni muuguzi, na nimefika huko mara tatu pamoja na akina mama wa kanisa letu: Juni 2017, Septemba 2019, na mwishoni mwa 2023. Mara ya kwanza tulikwenda na mabunda ya nguo na sabuni. Nguo zilipokelewa kwa shukrani, kama inavyofanywa popote pale panapotolewa nguo. Lakini kilichonifanya nirudi ni kingine.

Walichokuja nacho kichwani

Mtu anayevuka ziwa usiku habebi mengi. Anabeba mtoto, sufuria, labda Biblia na kitenge cha kujifunika. Ila kuna mambo hayahitaji kubebwa. Mama wa Kikongo amekulia katika likelemba, ambayo sisi tunaiita upatu: wanawake kumi wanachanga kila wiki na mmoja anachukua chote, wiki ijayo mwingine. Mama wa Kirundi anaijua ikibiri, yaani majirani kukusanyika na kulima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Warundi walikuja pia na desturi ya abashingantahe, wazee waaminifu wanaokaa kusuluhisha ugomvi wa mipaka, wa ndoa na wa madeni. Mambo haya yaliingia kambini bila kuandikishwa kwenye daftari la mizigo.

Nasema hivi kwa sababu nimesoma taarifa nyingi zinazoeleza jinsi shirika fulani "lilivyowajengea uwezo" wakimbizi. Mashirika yamefanya kazi kubwa, siwezi kukataa. Nimeona Msalaba Mwekundu wakiendesha hospitali ya Nyarugusu na Madaktari Wasio na Mipaka wakitibu malaria kule Nduta, na watu wangapi wangekufa bila wao, Mungu ndiye ajuaye. Lakini ukienda nyumba kwa nyumba asubuhi, anayepima mikono ya watoto kwa ule mkanda wa rangi tatu, anayemfuata mjamzito aliyekosa kliniki, anayefundisha kuchimba choo, ni mkimbizi mwenyewe, tena mara nyingi ni mama mwenye watoto wake watano nyumbani. Analipwa kiasi kidogo kinachoitwa motisha, si mshahara. Anayefundisha darasani ni mkimbizi. Wanaozunguka usiku kulinda, wanaoitwa sungusungu kama wale wa Usukumani, ni wakimbizi. Nyumba za matofali mabichi zilizochukua mahali pa mahema zimefyatuliwa na mikono yao.

(Matofali hayo yana jambo lake. Kila nyumba imeacha shimo, na kila shimo likipata mvua ni kitalu cha mbu. Katika zoni moja ya Nyarugusu viongozi walikubaliana kwamba mwenye shimo apande migomba ndani yake. Niliiona migomba hiyo mwaka 2019, imeshiba kweli kweli. Muuguzi hufurahia vitu vya namna hii kuliko semina.)

Shule nazo ni kitu cha kutazama. Wakongo walikuwa wakifundishwa kwa mtaala wa Kongo, Warundi kwa mtaala wa Burundi, na mitihani ya Kongo ilikuwa ikisimamiwa na wakaguzi waliotoka huko kuja mpaka Nyarugusu. Baada ya 2015 madarasa mengi yalikuwa chini ya miti. Walimu hawakungoja majengo.

Jinsi sanduku linavyofanya kazi

Wasomaji wengi mnaijua VICOBA, au mko ndani yake. Kule kambini vikundi vya kuweka na kukopa ni ndugu wa hivyo vyetu. Mtindo wenyewe ulianzia Niger, kijijini, mwaka 1991, kwa wanawake wasiojua kusoma, chini ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Nyarugusu ulipofika ulikuta likelemba imetangulia, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Kikundi nilichokaa nacho sana kilikuwa cha Wakongo, akina mama 25, kinakutana kila Jumatano baada ya ibada ya asubuhi. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, wala mumewe. Hisa moja ilikuwa shilingi 500, na mtu hununua kuanzia moja hadi tano kwa kikao. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, zinawekwa katika bakuli moja, na mfuko wa maafa katika bakuli jingine. Kabla ya kufunga, mwenyekiti anataja kiasi kilichobaki, na wanachama wote wanakirudia kwa pamoja mpaka kikae kichwani. Kikao kijacho hakianzi mpaka wakitaje tena kabla sanduku halijafunguliwa. Mama asiyejua kuandika hata jina lake anaweza kumkamata mweka hazina kwa shilingi mia.

Mfuko wa maafa ndio ulionigusa kama muuguzi. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka kambini kwenda Kabanga au Maweni, gari lipo, lakini mwenye kumuuguza atakula nini huko? Na watoto waliobaki nyumbani wataangaliwa na nani? Kikundi kilikuwa na kanuni: mama akipewa rufaa ya uzazi anachukua fedha za mfuko bila kurudisha, na wanachama wawili wanahamia kwake kwa zamu. Hakuna shirika lililowaandikia kanuni hiyo. Waliiweka baada ya kumpoteza mmoja wao aliyekataa rufaa kwa sababu hakuwa na wa kumwachia watoto.

Mikopo ilikwenda wapi? Dagaa wa ziwa wa kuuza rejareja, mawese, chumvi, sabuni, cherehani, vifaranga, mbegu za lengalenga, yaani mchicha, za kupanda katika magunia yaliyojazwa udongo kando ya nyumba. Faida ilikuwa ndogo mno hata mtu wa mjini angecheka. Lakini chakula cha mgao kilikuwa unga, maharage, mafuta na chumvi, mwezi baada ya mwezi, na mtoto wa miezi minane hanenepi kwa unga. Yule ambaye mama yake alikuwa na gunia la mchicha na fungu la dagaa, ungemjua kwa kumtazama tu shavuni.

Soko lilipofungwa

Hapo ndipo ilipo shida yenyewe. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi anatakiwa kukaa katika eneo alilopangiwa, na kwa kanuni iliyozoeleka kambini asivuke kilomita 4 bila kibali. Hana shamba. Hawezi kwenda Kasulu kutafuta kibarua. Kwa hiyo biashara yake yote inategemea soko la pale kambini na soko la pamoja wanakokutana na wenyeji.

Juni 2017 soko lilichangamka. Tangu Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likijaribu huko Nyarugusu kuwapa watu fedha badala ya chakula, nao wakanunua mahindi na ndizi za wenyeji. Mama wa Kiha kutoka Makere anauza mhogo, mama wa Fizi anauza kitenge, na wote wawili wanapatana bei kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Katikati ya mwaka huo serikali ikasimamisha mpango wa fedha. Februari 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwaingiza wakimbizi katika maendeleo ya nchi. Kisha masoko ya pamoja yakaanza kufungwa, na tulipofika Septemba 2019 pale palipokuwa na vibanda palikuwa na miti mitupu iliyosimama na mbuzi wawili.

Serikali ilikuwa na hoja zake, na si haki kuzidharau. Tanzania imebeba wakimbizi wengi kuliko nchi nyingi tajiri, na misaada iliyoahidiwa mara nyingi haikufika. Silaha na ujambazi vilisumbua njia za Kibondo na Kasulu kwa miaka. Misitu imekatwa, akina mama wa vijiji vya jirani wanatembea mbali zaidi kutafuta kuni, na wale wa kambini wakienda porini wanakutana na ubakaji, jambo ambalo sisi wa afya tumelipokea mlangoni mara nyingi mno. Hata hivyo soko halikuleta silaha. Lilileta dagaa. Na aliyepoteza lilipofungwa si mkimbizi peke yake. Yule mama wa Makere naye alirudi nyumbani na mhogo wake.

Kikundi cha kufuli tatu kilikuwa na fedha nje wakati huo. Wanachama 14 walikuwa na mikopo ya biashara ambayo sasa haina mahali pa kufanyika. Walikaa vikao vitatu. Wengine walitaka waliokopa wauze vitu vya ndani walipe. Wengine walisema mwenye kosa ni nani hapa? Mwishowe walifuta riba yote, wakarefusha muda, na kuamua kwamba mwenye kuku alipe kwa mayai, yagawiwe kwanza kwa waliokuwa wananyonyesha. Kwenye daftari, katika safu ya fedha, katibu wao ameandika idadi ya mayai. Nililiona kwa macho yangu. Mkaguzi wa benki angezimia.

Kugawana kule Nduta

Mwaka huo huo wa 2019, Agosti, serikali za Tanzania na Burundi zilikubaliana kuharakisha kuwarudisha Warundi kuanzia Oktoba. Urudishaji wa hiari ulikuwa umeanza Septemba 2017, na hatimaye zaidi ya watu 100,000 walirudi. Tulipofika Nduta kila mazungumzo yalikuwa hayo: nani amejiandikisha, nani anangoja, nani anaogopa kwenda na nani anaogopa kubaki. Hiari ni neno zito. Mama mwenye shamba kwao Ruyigi, ambaye hapa amefungiwa soko, akijiandikisha kurudi, mimi sijui niseme amevutwa na shamba au amesukumwa na njaa. Pengine yeye mwenyewe hakujua.

Kikundi cha Warundi tulichokitembelea kilikuwa na wanachama 24, na 9 walikuwa wameshajiandikisha kwa msafara. Mzunguko wao wa mwaka ulikuwa haujaisha. Kanuni inasema kugawana ni mwisho wa mzunguko. Lakini anayepanda basi la Burundi hawezi kurudi mwezi wa kumi na mbili kuchukua hisa zake. Na kama wote 9 wakilipwa sasa, 15 wanaobaki hawana cha kukopeshana, huku miongoni mwa hao 9 wawili walikuwa bado wana madeni.

Waliwaita wazee wawili wa abashingantahe wakae pembeni. Hawakuwa wa kuamua. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha hakuna anayemfokea mwenzake. Fedha zilimwagwa juu ya mkeka. Kila anayeondoka alipewa hisa zake kamili bila faida. Wa kwanza wa wale wenye madeni alikatwa. Wa pili, aliyekuwa amekopa kwa ajili ya cherehani, hisa zake hazikutosha kulipa, akaacha cherehani. Alikuwa ameshona nalo sare za watoto wa zoni nzima. Alilifuta kwa upindo wa kitenge chake, akalisogeza mbele ya mwenyekiti, na mwenyekiti, badala ya kuandika "limepokelewa", alimwambia aje achukue somo la mwisho la kumfundisha atakayelitumia. Walikaa naye mpaka jioni, sindano ikigonga, na mimi nikachelewa gari.

Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021, na waliokuwa wamebaki huko wakahamishiwa Nduta. Vikundi vya Mtendeli vilikuja na masanduku yao, kama watu wengine wanavyohama na magodoro.

Wale waliopewa jembe

Siwezi kuyatazama haya bila kukumbuka wale Warundi wa mwaka 1972. Hao walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi badala ya hema. Walifyeka pori la tsetse, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, na kufikia 1985 misaada ya Umoja wa Mataifa ilikoma kwa sababu walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wao na watoto wao walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Damu ni ile ile, desturi ni ile ile ya ikibiri. Tofauti ni jembe na njia ya kwenda sokoni. Na huko Uganda, katika makazi ya Kyangwali, ambako mkimbizi anapewa kipande cha ardhi, vijana wakimbizi wa Kongo, Burundi, Rwanda na Sudani pamoja na Waganda walianzisha wenyewe mwaka 2005 umoja walioupa jina COBURWAS kutokana na herufi za nchi zao, wakafungua shule ya msingi.

Sisemi kila mkimbizi wa Kasulu apewe ekari. Wenyeji wenyewe wanabanana. Ninachosema ni kwamba watu wale hawakosi akili ya kujiendeleza, na fedha ya kuwafundisha wanachokijua ingefaa zaidi kama ingelifungua soko.

Mwishoni mwa 2023

Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa kukosa wafadhili, hadi kufikia nusu mwezi wa Juni. Tulipofika Nyarugusu mwishoni mwa mwaka huo, mkanda wa rangi tatu ulikuwa ukionyesha njano mahali ambapo mwaka 2017 ulionyesha kijani. Kikundi cha Jumatano kilikuwa kimebaki na wanachama 19. Hisa ilikuwa bado shilingi 500, ingawa wengi walinunua moja tu. Magunia ya mchicha yalikuwa yameongezeka. Nilihesabu 11 kwenye nyumba moja. Mayai yalikuwa bado yanapokelewa.

Kulikuwa na mgeni mwingine siku hiyo zaidi yetu. Mama wa Kiha, mke wa fundi kutoka kijiji jirani, alikuwa amekuja kwa kibali cha kutembelea kanisa, na alikaa kwenye kikao chote na daftari la mwanawe la hesabu, akichora mistari ya safu kama alivyoona kwa katibu. Kikundi chao kijijini kilikuwa kimevunjika mara mbili kwa sababu ya mweka hazina. Alitaka kujua zaidi habari ya funguo.

Kwa akina mama wa makanisa mnaopanga safari ya namna hii: kambini hakuingiwi bila kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na barua ya mchungaji pekee haitoshi. Ombeni mapema, mkitaja majina yote na siku. Nguo wanazo za kutosha. Tulipouliza safari ijayo tulete nini, walijadiliana kwa Kibembe kwanza, kisha katibu akatuandikia orodha: mbegu za lengalenga na bilinganya, uzi wa cherehani mweusi na wa buluu, daftari kubwa la safu mbili, na kufuli moja, kwa sababu ya katikati ilikuwa imeshika kutu.